Sufuria ya Kongwa
(Neno la wajukuu lililosomwa kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu)



Kamati ilipoiomba familia yetu iseme neno juu ya marehemu Bibi yetu, jibu letu la kwanza lilikuwa hapana. Tuliona kwamba hapa ni mahali pa harambee, ripoti ya mweka hazina inasubiri, na kila mmoja wenu ana bibi yake wa kumkumbuka. Tulibadili mawazo baada ya kikao cha familia, kwa sababu tuligundua kwamba tuna deni, na deni hili haliwezi kulipwa kimyakimya. Maneno haya basi ni ya wajukuu wote 31. Anayeyasoma ni yule mmoja wetu aliyesomea uhasibu. Hakujitolea mwenyewe, alichaguliwa na wenzake, na mkisikiliza mtajua kwa nini.

Bibi alitutoka Mei mwaka 2023, wakati watu wanavuna uwele. Kwenye karatasi za mazishi tuliandika miaka 93. Umri huo ni hesabu yetu sisi, maana yeye hakuwa na cheti wala tarehe. Alijua kwamba vita vya Hitler vilipoanza alikuwa binti wa kutumwa kisimani peke yake. Alijua pia kwamba aliolewa wakati matrekta ya Waingereza yakiunguruma Kongwa kwenye ule mpango mkubwa wa karanga. Babu alikwenda kule kung'oa visiki. Mpango wenyewe ulifutwa mwaka 1951, mvua ikiwa imewakatalia na udongo umewagomea kama saruji, lakini Babu hakurudi mikono mitupu. Alirudi na blanketi moja na sufuria mbili. Sufuria moja ilitoboka zamani. Nyingine, ile kubwa, ndiyo tutakayoizungumzia leo.

Kabla ya sufuria, lazima tuanze na mama yake Bibi.

Wazee mliopo mnalijua neno Mtunya. Vijana, sikilizeni kidogo. Kati ya mwaka 1917 na 1920, Ugogo ilipigwa na njaa ambayo jina lake halijafutika. Wakati wa vita kuu ya kwanza, majeshi ya Wajerumani na baadaye ya Waingereza yalichukua nafaka, yalichukua ng'ombe, na yalichukua vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua nayo ikakataa. Watu walikufa kwa maelfu. Wengine waliziacha tembe zao wakatembea kutafuta chakula, na wapo waliolazimika kuwaacha watoto kwenye nyumba za watu ili angalau watoto wabaki hai.

Mama yake Bibi alikuwa mmoja wa watoto hao. Alifikishwa kwenye tembe ya watu wasiojuana naye kwa ukoo wala kwa jina, akiwa hawezi kusimama. Wenyeji nao walikuwa na uji kidogo wa uwele, wa kwao wenyewe haukutosha. Wakaugawa. Habari hiyo Bibi alitusimulia kila mara mtoto mmoja alipokataa chakula au alipomnyima mwenzake. Alimaliza kwa maneno yaleyale: "Ninyi nyote mmetoka kwenye kata moja ya uji." Tulipokuwa wadogo tulicheka. Sasa tukihesabu watoto wake, wajukuu, vitukuu na waume na wake waliooa na kuolewa kwetu, tunaona kwamba alisema ukweli mtupu.

Imani yake mliifahamu. Wamisionari wa CMS walifungua kituo Mpwapwa mwaka 1878, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa mwaka 1927, kwa hiyo Bibi alizaliwa habari ya kanisa ikiwa imeshaenea katika vijiji vyetu. Alibatizwa akiwa msichana. Darasa la ubatizo ndilo shule pekee aliyosoma maishani. Hapo alijifunza kusoma Agano Jipya la Cigogo kwa kufuata mstari kwa kidole, na mpaka uzeeni kidole hicho kilikuwa kinatangulia macho. Hakuwahi kuhubiri. Hakupenda hata kushika kipaza sauti. Aliamka kabla ya jogoo, akapiga magoti kando ya kitanda cha ngozi, akatutaja mmoja mmoja kwa majina, akamaliza kwa "na yule atakayepita leo." Sisi tuliolala chumba kimoja naye tulikuwa tunajiuliza huyo atakayepita ni nani. Ilipofika mchana tulimwona. Kila siku alikuwa mtu mwingine.

Walipita wakatekisti waliokuwa wakienda kwa miguu vijiji vya mbali. Walipita wachungaji wa ng'ombe wenye kiu. Walipita wafanyabiashara Warangi kutoka Kondoa, Waislamu, na kwa hao Bibi alikuwa na utaratibu wake. Hakuwapikia nyama aliyoichinja mwenyewe. Alimkabidhi mgeni kuku hai na kisu, akamwambia, "Chinja wewe, baba, ule kwa amani." Mmoja wa wafanyabiashara hao alikuja msibani akiwa mzee sana, akashikwa mkono na mjukuu wake. Alikaa kwenye mkeka saa nzima bila kusema neno, kisha akatuambia habari ya kuku huyo.

Mwaka 1971 ulimkuta na mambo mawili. Kanisani, Askofu Yohana Madinda alishika uongozi wa dayosisi, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho, na Bibi alilia kwa furaha. Nyumbani, Operesheni Dodoma iliwataka watu watoke kwenye tembe zao zilizotawanyika wahamie kijiji cha ujamaa. Hapo alilia pia, maana aliacha makaburi ya wazazi wake na mti aliopandwa na baba yake. Alihama na sufuria ya Kongwa kichwani. Usiku wa kwanza kijijini, kabla paa halijaezekwa, alipika mlenda na ugali akaita kaya zilizokuwa jirani, watu ambao alikuwa hajui hata watoka upande gani. Urafiki wa mlango kwa mlango ulianzia kwenye sufuria hiyo. Miaka mitatu baadaye, kwenye njaa ya 1974, tulipokuwa tunakula unga wa njano uliotoka ng'ambo, kaya hizo hizo zilipeana habari ya nani ana nini, na hakuna mtoto wa mtaa ule aliyelala bila kitu.

Wananyumbani, huku mjini sote tunataniwa. Mtu akisikia tumetoka Dodoma anauliza kama tumekuja kukaa kwenye taa za barabarani na kopo. Tunacheka naye, kwa sababu utani ni utani, lakini tukifika nyumbani tunanyamaza. Kwetu mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba mpaka Aprili, nayo kwa wastani ni milimita 500 hadi 600 tu, na mwaka mwingine haifiki hata hapo. Anayetania hajui kwamba watu wanaoishi kwenye nchi kama hiyo wanadumu kwa kupeana. Bibi aliishi miaka 93 kwenye nchi hiyo. Hatujawahi kusikia akiomba. Tumemwona akigawa.

Sasa tufike kwenye deni.

Mwaka 2009, huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipokuwa imeanza kuenea, wajukuu 12 wenye kazi tuliweka utaratibu. Kila mmoja alitoa shilingi 10,000 kwa mwezi. Jumla 120,000, zilitumwa kwenye simu ya binamu yetu aliyekuwa akiishi na Bibi. Tulijivuna sana. Tulisema Bibi yetu sasa anakula kama yuko mjini.

Kila ilipofika tarehe 15, ujumbe uliingia: unga umeisha. Tukatuma nyongeza. Mwezi uliofuata, tena. Mhasibu wa familia akachora jedwali. Watu wawili, gunia moja la mahindi, liwatoshe zaidi ya miezi mitatu. Gunia lilikuwa linaisha kwa wiki tatu. Wengine walianza kumshuku binamu. Wengine walisema Bibi anapeleka fedha kanisani. Maneno yakawa mengi kwenye simu, na mwaka 2014 mhasibu aliagizwa afanye ukaguzi wa kushtukiza.

Alifika Jumanne, saa nane mchana, bila kupiga hodi ya simu. Uani, chini ya mkwaju, alikuta watoto 14 wenye sare za shule wamezunguka sinia tatu. Sufuria ya Kongwa ilikuwa mafigani. Wale walikuwa wanafunzi wa sekondari yetu ya kata. Mnaijua jiografia ya kwetu: wengine hutembea kilomita nane au tisa kwenda, na nane au tisa kurudi. Wanatoka nyumbani saa kumi na moja asubuhi, kabla hakujapikwa kitu. Bibi aliwaona wanavyopita mbele ya nyumba yake jioni, wameburuza miguu, na mmoja siku moja akaanguka pale pale njiani. Tangu siku hiyo alianza kupika. Mkuu wa shule aliwaruhusu walio dhaifu zaidi waende mapumziko ya mchana, na idadi ikapanda.

Mhasibu alisubiri watoto waondoke. Kisha akafungua daftari akamwuliza Bibi fedha zinakwenda wapi. Bibi alimtazama, akamwita kwa jina la utani ambalo bibi humwita mjukuu wa kiume.

"Mume wangu," alisema, "unaniuliza pesa zimekwenda wapi na wewe umeziona zikirudi darasani."

Akajibiwa kwamba hao si watoto wetu, wana wazazi, na sisi hatuna uwezo wa kulisha kata nzima.

Akauliza, "Ulipokuwa unasoma Dodoma mjini, ulikaa kwa nani?"

Mhasibu alinyamaza. Miaka minne ya sekondari alikaa kwa mama mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua, mtu wa kijiji cha jirani, asiye ndugu wa damu. Alilala jikoni kwake na kula mezani kwake. Hakulipa hata senti.

"Yule mama," Bibi akasema, "hesabu yake alimpelekea nani?"

Wananyumbani, tungependa kuwaambia kwamba siku hiyo tulielewa. Hatukuelewa. Mhasibu alirudi mjini na ripoti, tukafanya kikao, tukaamua kwamba fedha zisitumwe tena mkononi. Tuliongea na mwenye duka kijijini amtolee Bibi mgao: unga kilo 25 kwa mwezi, sukari kilo mbili, sabuni, mafuta ya taa na mafuta ya kupikia. Vilivyobaki tungeviweka akiba kwa ajili ya matibabu yake. Tulisema tunamlinda. Bibi alipoambiwa alisema, "Sawa, wanangu," na mambo yakaisha hapo.

Ujumbe wa tarehe 15 ulikoma. Mahesabu yalikaa sawa mwezi baada ya mwezi. Tuliamini kwamba tumefanya jambo jema, na watoto wale, kama tuliwafikiria kabisa, tulidhani wameacha kuja.

Turuke miaka, tufike makaburini. Baada ya mazishi, kama ilivyo desturi, mzee wa familia alisimama akatangaza: yeyote aliyekuwa akimdai marehemu au akidaiwa naye, aje kwa familia. Kwa kawaida watu huwa kimya. Siku hiyo alisimama mnunuzi wa mifugo wa pale kwetu, akavua kofia. Alisema anadaiwa shilingi 40,000. Ni salio la mbuzi wa mwisho aliyemnunua kwa Bibi mwaka 2015. Kila alipopeleka salio hilo, Bibi alimwambia anunue kwanza maharage ayapeleke shuleni, na kisha yeye akahama, deni likabaki.

Tukauliza, mbuzi wa mwisho kati ya wangapi? Akasema kumi na mmoja.

Bibi alikuwa na mbuzi kumi na mmoja. Aliwauza mmoja mmoja, ndani ya mwaka mmoja na nusu wa mgao wetu, ili sufuria isipoe. Katika jedwali la mhasibu mbuzi hawakuwemo. Na walipokwisha, tuliambiwa siku hiyohiyo na wanawake wa kijiji, wao ndio walioanza kuleta: huyu kikombe cha mtama, yule bakuli la karanga, mwingine mlenda mkavu. Walikuwa hawana kitu zaidi yetu. Hawakuitisha kikao.

Kisha vijana wakaanza kusimama. Muuguzi. Mwalimu wa shule ya msingi. Askari mmoja aliyeomba ruhusa kazini na kusafiri usiku kucha. Dereva wa bodaboda ambaye hakumaliza kidato cha nne lakini alisema alifika kidato cha tatu kwa sababu ya ule ugali. Msichana mmoja alisema maneno ambayo hatutayasahau. Alisema wenzake wawili aliokuwa akitembea nao walipewa chakula na wanaume wa njiani, na wote wawili waliacha shule wakiwa wajawazito. Yeye alikuwa na mahali pengine pa kula. Hilo tu, alisema, ndilo lililowatofautisha.

Sisi wajukuu tulikuwa tumekaa mstari wa mbele tumevaa nguo nzuri. Hatukujua tuangalie wapi.

Hilo ndilo deni letu, nasi tumelileta hapa wazi kwa sababu Bibi hakupenda mambo ya siri, na kwa sababu tunadhani hatuko peke yetu. Wengi wetu tulioko mjini tunatuma fedha nyumbani. Ni jambo jema, tuendelee. Lakini tunatuma na masharti, tunatuma na hasira, na mara nyingi tunamfanya mzee aliyetulea awe mtu wa kutoa maelezo. Kabla hujauliza pesa imekwenda wapi, panda basi uende ukaone.

Baada ya arobaini tulibishana juu ya shamba lake. Ni ekari sita, kando ya barabara. Tangu serikali ilipohamia Dodoma kuanzia mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, wanunuzi wanafika hadi kwetu na mikoba. Bei waliyotutajia ilitutikisa. Baadhi yetu tulitaka kuuza, na tuseme kweli, wawili mpaka leo wanaona tungeuza. Tulikaa vikao vitatu. Mwishowe tumekubaliana kwa maandishi kwamba kwa miaka mitano shamba haliuzwi. Ekari nne zitalimwa mtama na uwele, mazao yanayovumilia ukame wetu, na mavuno yote yatakwenda kwenye chakula cha mchana cha sekondari ya kata. Msimu wa kwanza umeshavunwa. Haukuwa mkubwa, ila umefika shuleni.

Ekari nne hazitoshi. Hapo ndipo tunapowageukia ninyi.

Tangu mwaka 2016 elimu ya sekondari ya kidato cha kwanza hadi cha nne haina ada, na tunashukuru. Lakini chakula cha mchana kimebaki juu ya michango ya wazazi, na mwaka wa ukame mzazi wa kwetu hana cha kuchanga. Mruhusuni mhasibu atoe hesabu moja, safari hii iliyo kamili. Mwaka wa masomo una siku 194. Mtoto akila makande, tuseme gramu 300 za mahindi na gramu 100 za maharage kwa siku, kwa mwaka anahitaji mahindi kilo 58 na maharage kilo 19 na kidogo. Gunia moja la kilo 100 haliwatoshi watoto wawili. Bei za sokoni mnazijua wenyewe, zidisheni. Mtaona kwamba kumlisha mtoto mmoja mwaka mzima ni jambo ambalo wengi wetu humu tunaliweza bila kuuza mbuzi hata mmoja.

Kamati imepanga mwaka huu kukamilisha jiko la shule na ghala, na kuanza mfuko wa chakula. Tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila mmoja aandike idadi ya watoto atakaowalisha, hata kama ni mmoja, hata kama ni nusu kwa kushirikiana na jirani yake. La pili, wenye mashamba nyumbani wajiunge nasi kutenga hata robo ekari. La tatu, hesabu za mfuko huu zisomwe kijijini mbele ya wazazi kila mwisho wa muhula, na kwenye kijitabu hiki kila mwaka. Watu wakague. Ila wakaguzi wafike saa nane mchana, wakae chini, wale na watoto kwanza, daftari lifunguliwe baadaye.

Familia yetu inaanza. Wajukuu tumechanga bei ya mbuzi kumi na mmoja kwa bei ya sasa, pamoja na zile shilingi 40,000 alizotukabidhi yule ndugu, tukaongeza na akiba yote iliyobaki kwenye ule mgao tuliojidai tunamwekea. Fedha hizo tunazikabidhi leo kwa mweka hazina, na risiti tutaiweka kwenye Agano Jipya lake.

Sufuria tumekuja nayo. Iko pale mezani, imeungua chini, mkono wake mmoja umefungwa waya. Ikitoka hapa itarudi nyumbani kukaa kwenye jiko jipya la shule. Leo tunaomba itumike kupokelea ahadi zenu. Bibi hakupenda ipite kwa mtu ikiwa tupu.